Dimbwi la Itale Halivuliwi Kiangazi

Wewe uliangalia pembeni. Korongo lilipita juu ya paa lako likichuruzika maji, ulijua limebeba nini, ukafunga dirisha.

Korongo ni jina la mitaani. Waliolitengeneza waliliita kiokoasamaki: chuma chenye mabawa manne, hutua kando ya mto uliokatika, hupima kina cha kila dimbwi lililobaki, hukadiria litakauka lini, kisha hushusha wavu na kuzoa samaki wote kabla hawajafa bure. Mji ukala. Nani alalamike?

Dimbwi la Ipole liliokolewa hivyo, tukapiga makofi. La Lukula vilevile. Mvua ziliporudi, mto ulijaa maji matupu, maana waliotakiwa kuzaa tulikwisha kuwala.

Limebaki Itale. Wanakijiji hawavui hapo kiangazi. Kamati yao ya uvuvi huufungua mto mvua ikishawatawanya vifaranga wa samaki mbugani. Juzi Korongo likatua. Nyamizi, mwenyekiti wa kamati, akaingia majini na kanga yake mpaka kiunoni. Wavu ukasimama hewani, kwa kuwa mashine ile imekatazwa kuvua penye mtu.

Mhandisi Lutengano, aliyeibuni, alikuja mbio. Akaeleza habari za joto, mvuke na asilimia. Nyamizi alimwacha amalize.

"Umepumua, baba? Haya. Hili hupungua, halikauki. Mashine yako ilimuuliza nani?"

"Mama, haina sehemu ya kuuliza."

"Wewe je, huna mdomo?"

Mzee Kasanda, mmoja wa wanakijiji waliomfuata Nyamizi majini, alisema akikaa humo wiki nzima ataota sharubu za kambale na mkewe atamtia chumvi. Walicheka wote isipokuwa Lutengano. Alirudi mjini akaliomba baraza liliondoe Korongo. Akajibiwa kwamba walaji hawajalalamika, na asiyelalamika ameridhika.

Aliyeridhika ni wewe.

Sasa hivi wanapokezana mle majini, wachache, nyayo zimechubuka, Nyamizi anatetemeka kwa homa na hataki kutoka. Korongo halichoki. Akitoka mtu wa mwisho, wavu utashuka, na mwakani hakuna mto wa kuvua wala mboga ya kubishania.

Usiniambie inasikitisha. Nenda barazani leo, useme hutaki samaki wa Itale. Ukikuta mlango umefungwa, njia ya Itale iko wazi: vua viatu, ingia majini, mpokee yule mama.