Mgeni wa Dunguni

Kiti kilikuwa kimegeuka.

Ildephonse Bigirimana aliligundua hilo alfajiri ya Jumanne, alipopanda dungu lake, akafungua mlango na kumulika ndani kwa simu. Jioni iliyotangulia alikiacha kiti kikitazama dirisha kubwa la mbele, lile linaloelekea shamba la maharage, maana mtu hapandi futi kumi juu ya nguzo ili atazame kitu kingine. Sasa kiti kilikuwa kimelipa shamba mgongo, kinatazama mlango. Akakigeuza, akakaa, akaweka bunduki mapajani na kujiambia kwamba ni upepo. Upepo gani huo wa kuingia kwenye sanduku la mbao lililofungwa madirisha yote manne, mimi sijui, lakini ndivyo alivyojiambia.

Nianzie kwenye dungu lenyewe, kwa sababu wapo watu hapa Liverpool, ile ya kusini mwa dunia, wanaosema Emerance, mkewe, alijiletea balaa kwa kuchukua kitu kilichotumika na mtu mwingine. Si kweli, na wanaosema hivyo hawakuwepo.

Emerance anafanya kazi ya kuhudumia wazee, shifti za usiku na za mchana, na siku zake za mapumziko analima. Amekodi eka mbili bondeni, ng'ambo ya Camden, kwa Mzungu mmoja mstaarabu aitwaye Rufus. Mkataba una jina lake peke yake, kwa kuwa siku ya kusaini mumewe alikuwa kazini. Msimu uliopita alipanda maharage na lengalenga, ule mchicha wa kwao, yakastawi vizuri, halafu kulungu wakatoka msituni wakayala yote kwa siku tatu. Rufus alimwambia kwa upole kwamba kuna watu wa farasi wanaolitaka lile eneo, na kama safari hii tena hatavuna kitu, atawapa wao.

Kwa hiyo ilikuwa ama avune, ama aondoke. Na kuondoka Emerance alikuwa amekuchoka. Ruyigi, kwao alikozaliwa, alitoka akiwa na miaka minne. Kambi ya kwanza kule Kigoma ilifungwa, wakapakiwa kwenye malori. Ya pili nayo wakaambiwa wafungashe. Kila mara ilikuwa ni kipaza sauti asubuhi na jina lako kwenye orodha. Alipopewa zile eka mbili alipiga magoti akashika udongo, na hakuona haya hata kidogo kwamba Rufus anamtazama.

Basi wakatafuta dungu. Ildephonse ana leseni ya bunduki na alitaka hema la kitambaa la kuweka juu ya jukwaa, jepesi, unalikunja unarudi nalo nyumbani. Emerance akamuuliza kama anakwenda kuwinda au kupiga kambi. Wakaangalia la plastiki, la mviringo kama tenki la maji; akaligonga kwa kidole, likalia, akasema kulungu wataisikia hata kwato ya nzi humo ndani. Mwisho wakaenda Rooty Hill kwa Égide, fundi seremala waliyekuwa naye kambini, aliyejijengea dungu la mbao kisha magoti yakamkataa kupanda. Lilikuwa na sakafu nene, zulia la kuzima kishindo, madirisha ya kuteleza yasiyopiga kelele. Emerance alikua akilinda mahindi ya jirani juu ya dungu la miti. Aliingia, akakaa, akafungua kila dirisha kwa kidole kimoja, akasema hili.

Wakalisimamisha Jumamosi, wote watatu. Asubuhi upepo wa bondeni hutoka msituni, kwa hiyo wakaliweka upande wa mashariki, harufu ya mtu isimfikie mnyama na jua lichomoze mgongoni. Nguzo nne, mihimili ya kukingamana, nyaya za chuma kutoka kila pembe hadi kwenye vigingi. Zikapungua bolti mbili. Égide akasema atakwenda dukani Camden azilete kabla ya giza, Emerance akaenda naye, Ildephonse akabaki juu peke yake anabandika upya zulia.

Hapo ndipo kosa lilipofanyika, na ni kosa ambalo mimi na wewe tungelifanya. Ildephonse yuko magotini, gundi mkononi. Chini ya ngazi sauti ikasema, taratibu kabisa, "Hodi." Akajua ni Égide na bolti zake. Bila kuinua kichwa akajibu, "Karibu." Ngazi ikalia, kipandio kimoja baada ya kingine, vyote kumi. Alipogeuka mlangoni hapakuwa na mtu. Gari la Égide lilirudi baada ya nusu saa nzima.

Bonde lile lina Rufus, mkewe, majirani wawili na farasi. Hakuna hata mmoja anayejua neno la Kiswahili. Ildephonse alilifikiria hilo, akaona aibu, akanyamaza.

Jumanne ndiyo hiyo kiti kikageuka. Jumatano kikageuka tena, na ndani mkawa na harufu ya nywele zilizoungua, iliyochanganyika na ya nguo mbichi zilizoanikwa chumbani. Alhamisi kulungu walikuja. Walikuwa saba, madume mawili yenye pembe zenye matawi, wakatembea hadi katikati ya maharage bila woga wowote, wakainua vichwa wakatazama dirishani. Ildephonse akaweka jicho kwenye darubini ya bunduki, ndipo akaona kwamba hawamtazami yeye. Walikuwa wanatazama pembeni yake, kushoto, mahali ambapo mtu wa pili angekaa. Hakufyatua.

Nyumbani akaanza kula akiwa amekaa anatazama mlango. Keza, binti yao wa miaka tisa, akamuuliza mama yake kwa Kiingereza chake, baba anamsubiri nani. Emerance akamvuta mumewe jikoni.

"Baba Keza, una nini?"

"Tuliache lile shamba," akasema kwa sauti ya chini. "Wapewe watu wa farasi."

"Sikukuuliza habari ya shamba. Nimekuuliza wewe una nini."

"Kuna mtu mle ndani, Mama Keza. Anakaa. Mimi nikikaa, na yeye anakaa. Jana amenisemesha."

"Amesema nini?"

"Amesema tuhame."

Kama ungekuwa unamfahamu Emerance, ungemhurumia huyo mtu wa mle ndani.

Ijumaa jioni, jua likiwa limegusa miti, alipanda mwenyewe. Hakuwa na bunduki, leseni hana. Alifunga mlango, akaketi kitini akitazama shamba lake, akasikiliza. Mwanzoni yalikuwa mambo ya kawaida, ndege wanagombania matawi, waya unalia kidogo upepo ukiuvuta. Kisha chini kabisa kipandio cha kwanza kikalia, na cha pili, na yeye akavihesabu kwa kuwa hakujua la kufanya isipokuwa kuhesabu, cha tano, cha sita, na ile harufu ikaingia kabla ya mwenye nayo, ikajaa kooni mpaka macho yakamtoka machozi, na mlango haukufunguka wala komeo halikusogea lakini sakafu upande wa kushoto ikabonyea chini ya zulia kwa uzito wa mtu mzima anayeketi, akasikia pumzi, pumzi ndefu isiyo na haraka ya mtu aliyefika kwake, na alipotaka kugeuka shingo ikawa ngumu, na alipotaka kusali maneno yote ya Kirundi na ya Kiswahili yakamtoka kichwani akabaki ameshika kingo za kiti, wakati kile kitu kikimsogelea sikioni na kuanza kusema kwa mkwaruzo wa kipaza sauti cha kambini: wakazi wote mjiandae, fungasheni, Nizigiyimana Emerance, kesho asubuhi, lori namba nne.

Aliogopa, na asiseme mtu kwamba hakuogopa. Lakini ile orodha ilimgusa pabaya. Hasira ilipanda kutoka tumboni ikafungua shingo yake.

"Lori namba nne utapanda wewe," akasema, akashuka ngazi bila kukimbia. Alitapika alipofika kwenye gari.

Usiku huo alimpigia Chibalonza, Mkongomani wa kanisani kwao, mama anayefanya usafi hospitalini na kuombea watu wenye mambo ya namna hii. Watu hupenda maombi ya Chibalonza kwa kuwa hapigi kelele.

"Huyo hakuvunja mlango, dada," Chibalonza akasema. "Hao wana adabu yao. Nani alimkaribisha?"

Emerance akamgeukia mumewe, na Ildephonse akainamisha kichwa, akasimulia yote, ile hodi, zile ngazi, aibu yake.

"Mkataba una jina la nani?" Chibalonza akauliza.

"Langu."

"Basi mimi hata nikikesha naomba, nitapoteza pumzi. Mwenye mahali ndiye anayeaga mgeni. Umsindikize kama unavyomsindikiza mgeni yeyote, kwa heshima, mpaka mpakani kwako. Usimfungashie kitu, hata jani. Na wewe usivuke. Atataka uvuke."

"Nikivuka?"

"Hutarudi wewe. Atarudi yeye, amevaa sura yako."

Jumamosi Ildephonse alitaka kwenda yeye, maana kosa lilikuwa lake. Emerance akamwambia akae kwenye gari na asishuke hata akisikia nini. Akafunga kitenge chake cha kanisani, kile cha kutokea, akavaa na viatu vizuri, akasimama chini ya dungu jua lilipoanza kuzama.

"Mgeni," akaita. "Mimi ndiye mwenye mahali hapa. Jana hatukusalimiana vizuri. Umekaa, umepumzika, tunashukuru kwa kututembelea. Sasa kunakuchwa. Shuka nikusindikize."

Kisha juu, ndani ya sanduku, kiti kikasogezwa. Kipandio cha kumi kikalia, cha tisa, cha nane. Hakutazama. Akageuka akatangulia, akapita katikati ya mistari ya maharage kuelekea geti la barabarani, na nyuma yake kukaja hatua, mara nzito kama za mwanamume, mara nyepesi kama za mtoto anayeburuza miguu, na ile harufu ikija naye begani.

"Sijala," kitu kikasema.

"Kwangu hujapikiwa."

"Baridi ni kali huko nje."

"Kaza mwendo, utapata joto."

"Mumeo alinikaribisha."

"Mume wangu ana moyo mzuri. Jina lake haliko kwenye karatasi."

Sauti yake aliishikilia. Mistari kumi na sita ya maharage. Akafika getini, akalifungua wazi, akajibanza pembeni, na kitu kikapita mbele yake kama joto la tanuri likifunguliwa. Kokoto za barabarani zikalia. Kikasimama.

"Nifungashie," kikasema.

"Sina."

"Basi nisindikize kidogo tu. Mpaka pale kwenye mti."

Ni kawaida yetu, mgeni husema hivyo, na mwenyeji huongeza hatua. Mguu wa Emerance ulinyanyuka wenyewe kabla hajafikiri. Akaurudisha.

"Mimi mwisho wangu ni hapa."

Harufu ya kuungua ikapotea, ikaja nyingine, sabuni ya mche na moshi wa kuni, na sauti iliyotoka gizani ilikuwa ya mwanamke, imechoka, inamwita kwa Kirundi kwa jina la utotoni ambalo Ildephonse mwenyewe halijui.

Ilikuwa sauti ya mama yake. Mama yake alifariki kambini juma lile walipokuwa wanahamishwa mara ya mwisho. Malori hayakusubiri. Walioachwa nyuma ndio waliomzika, na Emerance hakutembea naye hata hatua moja. Kwa miaka yote hiyo alikuwa na hilo kifuani, hakuwahi kulisema kanisani wala kwa mume.

"Twende, mwanangu," sauti ikasema. "Wenzetu wameshapanda. Nishike mkono, njia siioni."

Emerance akashika nguzo ya geti kwa mikono miwili. Alijua si yeye. Na hata hivyo angalitoa chochote alicho nacho duniani aushike ule mkono, na mwili wake wote uliegemea barabarani mpaka mabega yakauma.

"Mama," akasema. "Mimi sipandi lori tena. Nimefika. Wewe nenda, upumzike. Nisamehe sikukusindikiza siku ile. Nimekusindikiza leo."

Akalivuta geti, akapitisha mnyororo, akafunga kufuli. Ng'ambo, kokoto zikaanza kulia tena, taratibu, zikaelekea bondeni, zikawa mbali, mpaka hakusikia kitu isipokuwa farasi wa jirani wakipumua.

Ildephonse alishindwa kukaa garini. Alikuja mbio kati ya maharage, akamkuta mkewe bado ameshika mnyororo.

"Ameondoka? Nilisikia unaongea kwa upole. Ulikuwa unamuaga nani?"

"Mama," Emerance akasema, akaketi chini kwenye udongo na kitenge chake kizuri, ndani ya uzio wake, akalia.