Kisasi cha Wiki ya Mashua

"Wewe dada wa njano! Ndiyo, wewe! Hamia upande huu."

Gati la Marigot, kisiwani Saint Martin, lilikuwa limejaa asubuhi ile. Wafanyakazi wa hoteli waliopata mapumziko, akina mama wenye vikapu vya ndizi za kupika, watalii waliobabuka mabega kwa jua, wote walikuwa wakisukumana kuingia kwenye boti ya kwenda Anguilla. Lorinda Prescod, aliyevaa gauni la njano lililombana kiunoni na kumwachia chini, alikuwa ameshakaa na kuweka boksi la keki za nazi magotini. Akamtazama kijana wa boti kuanzia viatu hadi kofia.

"Kwa nini nihame mimi?"

"Kwa sababu boti imeinama."

"Kwa hiyo mimi ndiye nitakayeinyoosha? Unaniita mnene mbele za watu?"

"Sijasema mnene. Nimesema hamia."

"Usihame, Lori!" alidakia rafiki yake Marvalyn. "Ahame yeye na hicho kichwa chake, ndicho kizito humu ndani."

Abiria wakacheka. Kijana naye akacheka, akainua boksi la keki kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu anayebeba mtoto aliyelala, akalihamishia upande wa pili penye kivuli. Lorinda akalifuata boksi lake.

"Ahsante, mrembo. Sasa tumekaa sawa."

"Sikukutii wewe. Nimefuata keki zangu."

Huyo ndiye Dervin Carty, mwenyeji wa Sandy Ground, Anguilla. Siku za kazi alikuwa kwenye boti ya abiria. Siku za mashindano alikuwa nahodha wa mashua ya tanga iliyopewa jina la mama yake, Ianthe.

Lorinda alitoka Saint Vincent. Alikuwa akioka mikate na keki katika hoteli kubwa upande wa Kiholanzi wa Saint Martin. Marvalyn, mzaliwa wa Berbice kule Guyana, alikuwa akipiga pasi mashuka ya hoteli hiyohiyo. Mapumziko yao yalikuwa Jumanne, na walikuwa wameapa kukanyaga kila kisiwa kinachoonekana kutoka kwenye paa la nyumba waliyopanga. Walikuwa wamekwisha kupanda ngazi za Saba hadi mawinguni na kushuka wakicheka, miguu ikiwatetemeka. Walikuwa wamefika Saint Barths, wakagawana soda moja. Anguilla ilitakiwa iwe ya siku moja tu.

Tangu siku ile kila Jumanne ikawa Anguilla.

"Mimi nilikuja kutembea visiwa," Marvalyn alilalamika. "Sasa natembezwa kisiwa kimoja kama mbuzi wa kamba."

Hata hivyo alikwenda. Dervin alikuwa amegundua kwamba bahari inamchafua tumbo, na kila Jumanne alimwekea kipande cha tangawizi mfukoni mwa shati lake, tayari kimemenywa.

Jioni simu ililia chumbani kwa Lorinda, Dervin akipiga.

"Umelala, sukari yangu?"

"Nimelala. Unaongea na mzimu wangu."

"Mwambie mzimu wako nimemkumbuka."

"Anasema wewe ni mwongo, ila endelea."

Walikaa sana kwenye gati la Sandy Ground wakila samaki wa kuchoma, naye Dervin akamfundisha kusoma upepo: jinsi maji yanavyobadilika rangi kabla haujafika, na jinsi unavyojikunja chini ya majabali saa za alasiri. "Wenzangu wote hukimbilia bahari kuu wakati wa kurudi," alimwambia. "Mimi hubisha, nikiukata upepo kwa konakona, karibu na majabali. Kuna upepo pale ambao hawaujui. Hili nimekwambia wewe tu."

Ikaja Agosti, wiki ambayo Anguilla nzima haina habari nyingine ila mashua.

"Jumatatu nataka uwe ndani ya Ianthe," Dervin alisema kwenye simu.

"Mimi? Kwenye mashindano?"

"Unajua kuogelea?"

"Nimezaliwa Barrouallie. Niliogelea kabla ya kutembea."

"Basi umeshaingia."

Hakuuliza zaidi wala hakueleza zaidi. Sandy Ground hakuna anayemweleza mwenzake mambo ya mashua. Hata mtoto wa chekechea anayajua.

Lorinda na Marvalyn wakabadilishana zamu na wenzao ili waende, Lorinda akasuka nywele upya na kuvaa gauni lake la njano. Ufuo ulikuwa umefurika, muziki ukitoka kwenye kila gari, moshi wa mbuzi wa kuchoma ukiwaingia watu machoni. Ndani ya mashua alikaa katikati ya wanaume waliochukuliwa kuwa farumi, uzito wa kuizuia isilale upepo unapokaza. Walimpa pahali pakavu. Mmoja alimvulia kofia yake. Lorinda alitabasamu njia nzima, akijiona kama bibi harusi.

Wakati wa kurudi upepo ulilegea. Mashua nyingine ilikuwa ubavuni mwao. Dervin, macho kwenye tanga, akaanza kupiga kelele, na wanaume wakaanza kuruka majini mmoja mmoja. Lorinda alidhani wamerukwa na akili.

"Lorinda! Ruka!"

"Nini?"

"Ruka, sasa hivi!"

Mikono ikamwinua, mikono ya heshima lakini haikusita, na bahari ikampokea na gauni lake na nywele zake. Alipoibuka, Ianthe ilikuwa ikienda zake, nyepesi kama unyoya. Dervin hakugeuka hata kutazama.

Boti ya kuokota watu ilimleta ufukoni akichuruzika maji. Umati wote ukamgeukia ukipiga makofi, ukipuliza filimbi, ukiita, "Wa njano! Wa njano!" Aliona wanamcheka. Mwanamke mmoja mnene mwenye mvi akamfunga taulo mabegani na kumpa bakuli la supu ya kwato. Huyo alikuwa Bi Ianthe mwenyewe.

"Umetufanyia kazi nzuri, mwanangu," alisema.

Lorinda aliona hiyo ndiyo kejeli kubwa kuliko zote. Akarudisha bakuli, akamshika Marvalyn mkono, wakapanda boti ya kwanza iliyoondoka.

Simu ilipolia jioni alipokea kwa hasira.

"Mpenzi, umekwenda wapi? Tumeshinda! Watu wanakutafuta, kombe..."

"Kombe lenu, linywieni! Mimi ni gunia la mchanga, Dervin? Umeniweka humo unitupe?"

"Kukutupa? Subiri kidogo, wewe..."

Akakata, akaifunga namba ya Dervin isimpate tena.

Marvalyn hakusaidia kuzima moto. "Mwanaume anakutoa kwenu umependeza, kisha anakumwaga baharini kama maji ya vyombo! Kwetu Berbice angekula pilipili bila kujua imeingiaje kwenye chakula."

"Pilipili inapoa," Lorinda alisema. Alikuwa akikanda unga, na siku ile unga ulipigwa kuliko siku zote. "Nataka kitu kitakachomuuma mpaka uzeeni. Anapenda nini kuliko vyote?"

"Ile mashua."

"Basi."

Jumapili ndiyo siku ya mashindano ya mwisho, yanayotoa bingwa wa wiki. Ijumaa Lorinda alibadilishana zamu tena, akavuka hadi Anguilla na kuchukua teksi moja kwa moja hadi Island Harbour, kwa Mzee Bancroft Webster, nahodha wa mashua iitwayo Radi, hasimu mkubwa wa Dervin. Alimkuta akishona tanga, miwani imening'inia puani.

"Shikamoo, mzee. Nataka kupanda mashua yako Jumapili."

"Marahaba. Wewe si ndiye wa njano?" Mzee alimtazama kwa mshangao. "Sandy Ground wanajua uko hapa?"

"Watajua Jumapili. Nina kitu cha kukupa." Akamweleza kuhusu majabali, na upepo unaojikunja alasiri.

Mzee Webster aliishikilia sindano hewani. "Binti, mmegombana. Hayo ni maneno ya mtu mwenye hasira. Nenda kalale kwanza."

"Nimelala tangu Jumatatu na nimeamka nayo kila siku. Unataka kushinda au hutaki?"

Mzee alitaka kushinda. Mkewe akamletea Lorinda wali wa mbaazi na kumwambia ale taratibu, alikuwa amekonda uso.

Jumapili Lorinda alivaa gauni lilelile la njano, limefuliwa na kupigwa pasi na Marvalyn mwenyewe. Alitaka aonekane. Na alionekana. Mashua zilipojipanga mwanzoni, Dervin aligeuza kichwa, akamwona katikati ya watu wa Radi, na kofia ikamdondoka majini bila yeye kuiokota. Lorinda alimpungia mkono kwa vidole viwili. Ladha ya kisasi ilikuwa tamu kuliko keki yoyote aliyowahi kuoka.

Wakati wa kurudi, Radi haikukimbilia bahari kuu. Ilikwenda kubisha chini ya majabali, mbele ya Ianthe, ikichukua kila pumzi ya ule upepo. Kutoka nyuma Lorinda alisikia sauti ya Dervin ikiwahimiza watu wake, kisha ikanyamaza. Alikuwa ameelewa.

Upepo ukalegea. Mzee Webster akaanza kuita. "Alric, ruka! Keon, ruka!" Wakaruka. Ianthe ikasogea hadi ubavuni.

"Mimi je?" Lorinda aliuliza kwa uchungu. "Si mgeni ndiye hutupwa kwanza?"

"Wewe kaa."

"Nikae?"

"Mgeni simwambii aruke, hata kama nashindwa," mzee alisema, macho kwenye tanga. "Nawarusha watu wangu. Aliyeruka ndiye aliyeshinda, ndiyo maana ufukoni wanampigia makofi yeye kabla yangu. Mke wangu niliwahi kumrusha, mwaka uleule nikamwoa. Na yule kijana alipokuita wewe Jumatatu, kisiwa kizima kilijua ameshachagua." Akamtupia jicho. "Hukuambiwa?"

Lorinda akageuka kutazama ufuo. Akayasikia upya makofi yale yote. Akamwona mwanamke mwenye mvi akimfunga taulo, na bakuli la supu alilolirudisha likifuka moshi.

Angeweza kukaa. Uzito wake tu ungetosha kumrudishia Dervin ushindi wake. Lakini watu hawa walikuwa wamemgawia mkate wao, na neno alikuwa ameshalitoa. Akiwasaliti na hawa, atakuwa amesaliti watu wangapi?

"Nikiruka mnashinda?"

"Kwa urefu wa mkono."

"Basi nihesabu kuwa mtu wako." Akaruka.

Ianthe ilipita karibu mno. Dervin aliinama, mkono mmoja kwenye usukani, uso mweupe kwa chumvi. "U mzima?" alipiga kelele. Lorinda akainua mkono. Radi ikafika ya kwanza, kwa urefu wa mkono.

Lorinda alimkuta Dervin ufukoni, amekaa peke yake kwenye ukingo wa mashua yake. Watu wa Sandy Ground walikuwa wamenyamaza kama msibani.

"Nani alimwambia Webster habari za majabali?" aliuliza bila kumtazama.

"Mimi. Nilidhani umenitupa. Sikujua, Dervin. Leo ndiyo nimeambiwa."

"Ungeniuliza."

"Ungenieleza."

"Nilikwambia jambo ambalo kaka yangu halijui." Akasimama. "Nenda, Lorinda. Boti inaondoka."

Lorinda aliifungua namba ya Dervin usiku uleule, akapiga. Dervin alipokea.

"Namba unayoipiga ni ya mtu aliyeshindwa," alisema, akakata.

Kesho yake: "Mteja huyu ameuzwa Island Harbour." Akakata.

"Lakini anapokea," Marvalyn alisema. "Mwanaume asiyekutaka hapokei simu ili akutukane vizuri hivyo. Huyo analipiza. Mwache ashibe."

Agosti ikaisha. Lorinda alipiga kila jioni na kutukanwa kila jioni, na matusi yakawa yanarefuka, mpaka jioni moja Dervin alimtukana robo saa nzima kisha akauliza kama amekula. Alipojibu kwamba amekula, safari hii Dervin hakukata. Walisikilizana wakihema.

Jumanne iliyofuata mvua ilinyesha, Lorinda hakwenda popote. Jumatano mchana mlinzi wa hoteli akamwita kwenye mlango wa nyuma wa jiko. Alitoka na unga hadi viwikoni. Bi Ianthe alikuwa amesimama pale amevaa gauni la kanisani na kofia yenye ua, na nyuma yake alisimama Dervin, shati limenyooshwa, akitazama viatu vyake.

"Nimekuja kumwona aliyetunyang'anya kombe," Bi Ianthe alisema.

"Mama, nisamehe. Na ile supu..."

"Supu tutaizungumza baadaye. Hiyo iliniuma zaidi." Akamgeukia mwanawe. "Sema wewe, au umenivusha bahari na goti langu bovu nije kunusa mikate?"

Dervin akakohoa. "Nimefikiria namna ya kukulipiza kisasi. Nimeitafuta mwezi mzima."

"Umeipata?"

"Nimeipata. Nataka uolewe na mimi, ukae Sandy Ground. Kila Agosti ya maisha yako, dukani, kanisani, kwa msusi, utawasikia wakisema, huyo ndiye aliyetuuza kwa Webster. Wajukuu zetu wataimbiwa. Hutapata nafuu mpaka uzeeke." Akainua macho. "Na mimi nitakuwa hapo pembeni, nikikutazama ukiteseka."

Machozi yalimtoka Lorinda yakachanganyika na unga. "Hicho ni kisasi kibaya sana."

"Ndicho kikali zaidi nilichokipata."

"Na nikikataa?"

"Utakuwa umenishinda mara mbili, na ya pili sitaiweza."

Bi Ianthe alikwisha kuufungua mkoba wake, akatoa kitambaa safi, akaanza kumfuta Lorinda unga kwenye mikono, kidole kimoja kimoja. Lorinda akamwachia mikono yote miwili. Kisha akageuza kichwa kuelekea chumba cha pasi, akaita kwa nguvu:

"Marvalyn! Mwambie bosi leo natoka mapema. Nimehukumiwa, naenda kuanza kifungo changu!"