Buti za Ndolo

Haya nilielezwa na Kathini mwenyewe, mwezi wa Aprili uliopita, tukiwa tumeketi mlangoni pangu hapa Ziwani tukichambua pojo. Mvua ilikuwa inanyesha, hangeweza kwenda popote, na niliona ana neno. Nikamwacha aseme.

Kathini ni binti ya Muoki, mchongaji wa vinyago. Kibanda cha Muoki kiko Gikomba, huko kwa maseremala. Tangu binti amalize kidato cha nne, kazi yake ilikuwa kusugua twiga kwa msasa mpaka shingo ziwe laini. Asubuhi achemshe chai, amfuate baba yake kwenye matope ya Gikomba, jioni warudi wote wawili wamejaa vumbi la mti mpaka kwenye nyusi. Mama yake ni Kavutha, lakini hapa mtaani hakuna anayemwita hivyo. Anaitwa Mama Ndolo, kwa sababu kwetu mzazi huitwa kwa jina la kifungua mimba wake.

Ndolo alikuwa kaka yake Kathini, na alikuwa mwanajeshi. Mwaka juzi aliletwa nyumbani ndani ya sanduku lililofunikwa bendera, akazikwa kwao Kitui, bunduki zikapigwa hewani. Zilibaki buti alizoziacha alipokuja likizo ya mwisho. Tangu mazishi, Muoki hakuzungumza tena mezani. Naye Kavutha, kila Jumamosi, alizitoa buti zile chini ya kitanda, akazipiga rangi mpaka zing'ae, akazirudisha. Hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Ikasikika kwamba usajili wa makurutu umekaribia. Kathini akaamua kwenda. Majirani aliwaambia anataka kulitumikia taifa. Wenzake aliwaambia amechoka na msasa. Wazazi wake hakuwaambia lolote; kila jioni aliaga kwamba anakwenda mazoezi ya kwaya ya Pasaka, kumbe anakwenda uwanjani kwa Mzee Ochola. Huyu ni sajini mstaafu, na mtaani tunamwita Sajini mpaka leo. Huwafundisha vijana kukimbia na kupiga gwaride, wala hawatozi chochote.

Kathini alizibeba buti za kaka yake katika mfuko wa sandarusi, akazivaa huko uwanjani. Ndolo alivaa namba kumi, yeye anavaa namba tano. Akajaza vitambaa vya mitumba mbele, akafunga kamba kwa nguvu, akakimbia. Zilikuwa zinalia kwap, kwap, kwap. Mulongo, kijana wa mazoezi, akamtania mbele ya wote: "Niaje, afande. Hizo buti umezivaa, ama zimekuvaa?" Wakacheka. Kathini akacheka nao, huku ameuma meno.

Haikupita muda visigino vikachunika, ukucha wa kidole gumba ukawa mweusi. Alijua wazi kwamba siku ya usajili daktari hukagua miguu, na kwamba mwenye vidonda hurudishwa nyumbani. Bado akavifunga vidonda kwa vitambaa, akaendelea kukimbia katika buti zilezile.

Jumamosi moja Sajini akaona anachechemea. Akamwita pembeni, akamketisha juu ya jiwe, akamwamuru avue. Soksi zilikuwa zimeshikana na nyama. Sajini akaitazama ile miguu, kisha akaiinua buti moja, akaona ndani jina la Ndolo limeandikwa kwa wino, jinsi wanajeshi wanavyotia alama vitu vyao.

"Kwa nini unataka jeshi, mwanangu?" akamuuliza. "Na usiniambie taifa. Hilo nimelisikia kwa kila anayekuja hapa."

Kathini akasema, "Nataka Mama asikie buti zikiingia mlangoni tena. Na Baba aongee."

Mzee hakumkemea. Alimwambia, "Siku utakayoingia kambini, mtu wa stoo atakuuliza namba yako ya kiatu. Hatauliza ya kaka yako. Huko utaamshwa ukiwa umechoka, utafokewa, utapewa bunduki. Sababu ya kukuvumilisha yote hayo lazima iwe yako. Ya kuazima itakuchuna kama hizi." Akamsaidia kusimama. "Twende kwenu. Utasema wewe, si mimi."

Walimkuta Kavutha ameketi na mkebe wa rangi na brashi mapajani, maana ilikuwa Jumamosi. Muoki alikuwa mezani. Kathini akasema yote: kwaya ya uongo, buti, na sababu yenyewe. Mama yake akainuka, akaleta karai la maji ya vuguvugu na chumvi, akapiga magoti na kuanza kumwosha.

"Nilijua," Kavutha akasema, bila kuinua macho. "Kila Jumamosi nimekuwa nikitoa matope kwenye soli. Nikanyamaza, kwa sababu nikizishika zikiwa na unyevu, naona kama ametoka kuzivua sasa hivi. Sikujiuliza ni miguu ya nani inayoumia."

Ndipo Muoki akasema, "Sikuwa nikimlilia mwanajeshi. Nilikuwa nikimlilia Ndolo. Huyo huwezi kunirudishia, hata ukija na nyota mabegani." Akamgeukia binti yake. "Watu huniita Baba Ndolo, nami nikasahau kwamba ni Baba Kathini pia. Nisamehe, mama."

Kavutha akazidi kuosha. Alikuwa analia.

Sajini akasema kabla ya kuondoka: "Usajili utarudi. Kwanza miguu ipone. Ukipona, ukaona bado unataka, kwa sababu yako na kwa viatu vyako, njoo nikufunze. Ukiona hutaki, si aibu. Lakini usiwafiche watu wako sababu ya kweli. Anayekupenda hawezi kukupokea mzigo asioujua."

Mimi nilimuuliza Kathini kama bado anataka jeshi. Akaniambia, "Nyanya, bado najiuliza. Ila sasa najiuliza mimi."

Jioni ile alipooshwa miguu walikula ugali na sukuma, na Muoki akazungumza mezani. Aliwasimulia jinsi Ndolo, akiwa mdogo, alivyomgundishia twiga mkia kwenye paji la uso, na mgeni mmoja akamnunua akidhani ni aina nyingine ya mnyama. Kavutha akacheka mpaka akashika mbavu. Buti hazikurudi chini ya kitanda. Alizipanga juu ya kabati, wazi, karibu na picha ya Ndolo, akaenda kulala. Muoki akapitiwa na usingizi palepale kitini, hadithi nyingine ikiwa katikati. Kathini akamfunika leso, akajinyoosha kitandani na miguu yake iliyofungwa bendeji, akamsikiliza baba yake akikoroma, mpaka naye akalala.