Wavu Nyuma ya Ukuta

Mjane aliamka, akaenda kutazama maharage. Karibu safu zote zilikuwa zimekauka. Kisima nacho kilikuwa kimekauka zamani.

"Haya yakifa, tunahama," alisema baba mkwe wake. Mzee alikuwa ameshafunga mizigo.

Mjane aligeukia nyumba. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kaburi la mwanawe. Wakihama, nani angelipalilia? Moyo ulimuuma.

Ukungu ulikuwa umetanda, kama kila asubuhi. Ulipita juu ya paa, jua likatoka, ukatoweka. Walikuwa wamepewa wavu wa kunasia maji ya ukungu, wakautundika nyuma ya ukuta wa nyumba, lakini ndoo yake haikuwa na hata tone.

Siku hiyo bibi shamba, mshauri wa wakulima, alikuja kuwatembelea.

"Wavu wenu ni pambo la ukuta?" alitania.

"Tumeuficha huku upepo usiuchane," alisema mzee. "Upepo wa hapa hauna adabu. Uliwahi kuezua paa letu."

"Pole, mzee wangu. Lakini huyo mkorofi ndiye mchukuzi wetu. Ukungu ni matone madogo mno ya maji. Upepo huyapitisha kwenye wavu, yakanasa kwenye nyuzi, yakaungana, yakatiririka chini. Mkiuficha wavu, yatafikaje?"

Mzee aliinamisha kichwa. "Kumbe maharage nimeyaua mimi."

"Usiseme hivyo, baba," alisema mjane. "Hatukujua."

Wakapanda kilimani. Walichimbia nguzo, wakausimamisha wavu uukabili upepo, wakakaza kamba barabara. Chini yake waliweka mfereji wa bati, na mpira wa kupeleka maji kwenye pipa.

"Mwagilieni jioni, kwenye mashina," alisema bibi shamba. "Kisha funikeni udongo kwa nyasi kavu. Maji haya ni ya kutumia kwa kubana. Msikubali jua liwaibie."

Asubuhi iliyofuata, mjane alisikia tone likigonga pipa. Likafuata jingine. Alitaka kucheka, akajikuta analia.

Ilipona safu moja tu. Mavuno hayakutosha kuuza. Yalitosha kula kwa shida na kubakiza mbegu. Njaa ya mwaka ule waliionja.

Siku walipopanda mbegu tena, mzee alifungua mizigo. Mjane alichukua jembe, akaenda nyuma ya nyumba. Akapiga magoti, akaanza kupalilia.

"Tupo, mwanangu," alisema. "Hatuhami."