Kiti Kilichokataa Kuchongwa

Jumapili ile ya Januari tulikula pai za nyama bandani, kila mtu na sahani yake magotini, kwa sababu meza ilikuwa imejaa spana. Hapa Whyalla, mji wetu wa pwani, mwezi huo joto hukaa juu ya mabati kama mgeni asiyejua kuaga. Kaka yangu Clem Pascoe alikuwa amefungua milango yote miwili ili upepo wa bahari upite. Haukupita.

Gari la mbio lilikuwa katikati yetu. Urefu wake hatua tisa, upana wake mabega ya mtu mmoja. Clem na rafiki yake Darcy Noske walilijenga miaka saba, kwanza jioni baada ya zamu za kiwanda cha chuma, halafu kutwa nzima walipostaafu. Injini waliing'oa kwenye lori lililopinduka. Mabati Clem aliyagonga mwenyewe kwa nyundo ya mbao juu ya mfuko wa mchanga mpaka yakakubali kupinda. Mimi, Coralie, mdogo wake, nilishona mfuko wa ule mwavuli unaofunguka nyuma kulisimamisha gari. Na fremu, ile mifupa ya gari, aliileta Darcy siku ya kwanza kabisa, imeshapakwa rangi nyeusi. Alisema aliichomelea nyumbani kwake. Hatukumuuliza zaidi. Ungeanzaje kumhoji mtu aliyebeba jeneza la mama yenu?

Mwezi wa tatu tulikuwa tunaenda ziwani, lile ziwa la chumvi kule kaskazini, kavu na jeupe na gumu kama sakafu, ambako magari hukimbizwa moja moja, kila dereva akishindana na saa tu. Clem alitaka maili mia mbili kwa saa. Alikuwa na miaka sabini na mbili, na daktari wa macho alikuwa ameshamwambia wazi kwamba mwakani hatamtilia sahihi ya kuendesha. Mwaka ule ulikuwa wa mwisho.

Siku hiyo tulikuwa tunatengeneza kiti. Dereva huketi ndani ya gari juu ya mfuko wa plastiki, kisha nyuma yake humiminwa povu la dawa linaloumuka kama unga wa mkate na kukauka kwa umbo la mgongo wake.

"Kaa kama unavyokaa chooni," Darcy alimwambia. "Usijifanye mfalme."

"Nikikaa hivyo utakayesafisha ni wewe."

Wifi yangu Glenys, mke wa Clem, alicheka mpaka chai ikammwagikia. Darcy naye alicheka huku akikoroga ndoo. Nilimwona akifungua kopo la jamu na kumimina unga wa kijivu ndani ya povu.

"Nini hicho?" nikamuuliza.

"Cha kulifanya liwe gumu, dada Cora. Bila hiki litabomoka."

Povu likaumuka, likakauka. Clem alikaa mle kama yai ndani ya ganda lake, akatabasamu kama mtoto.

Jumatano akanipigia simu nije. Peke yangu, alisema.

Nilimkuta amesimama kando ya gari, hataki kuligusa.

"Kaa uone," akasema.

Mimi ni mwembamba, nikaingia. Kiti kilikuwa kimebadilika. Upande wa kulia, pale bega linapoegemea, palikuwa pamezama chini kwa upana wa vidole vitatu. Kiunoni palibana. Lilikuwa umbo la mtu, lakini mtu huyo hakuwa Clem.

Darcy alipoambiwa alicheka tu. "Umenenepa, mzee. Punguza pai." Akachukua kisu kirefu, akachonga, akajaza ndoo nzima ya makombo ya povu. Clem akajaribu, akaenea. Akafunga banda kwa kufuli.

Asubuhi kiti kilikuwa kimerudi vilevile, bega limezama. Ndoo ya makombo ilikuwa pale pale sakafuni, imejaa.

Walichonga tena. Kikarudi tena. Safari ya tatu Clem hakumwambia mtu ila mimi, na safari hiyo plastiki ya kiti ilikuwa na unyevu. Nilinusa. Lilikuwa jasho.

"Tukiache hiki," nikamwambia. "Mwite Darcy mtengeneze kingine."

"Zimebaki wiki tano, Cora. Nitajifunza kukaa kinavyotaka chenyewe."

Akajifunza. Mwisho wa Februari nilimwona kutoka dirishani kwangu, nyumba ya jirani, akienda kuchukua barua. Bega la kulia lilikuwa limelala.

Tulifika ziwani siku ya Jumatatu, tumejaa vumbi la barabara ya mashamba ya kondoo hadi kwenye meno. Tulitandika turubai juu ya chumvi, tukaweka gari juu yake maana hairuhusiwi hata tone la mafuta kugusa ziwa, tukafunga kivuli, tukachemsha chai. Kila kitu ni cheupe kule. Mchana hakuna pa kujificha, na ndiyo maana mpaka leo siogopi giza. Naogopa saa sita ya mchana.

Kesho yake alikuja Ivor Trezise, mkaguzi, mzee mwenye miwani mbili, moja puani na nyingine kwenye paji la uso. Kabla gari halijaruhusiwa kukimbia lazima yeye alipitie: mikanda, mitungi ya kuzimia moto, kila nati. Alilala chali chini ya gari muda mrefu. Alikwaruza rangi kwa ukucha.

Alipotoka alimtafuta Clem kwa macho, akamvuta pembeni. Mimi nilikuwa karibu.

"Fremu hii umeitoa wapi?"

"Ameitengeneza Darcy."

Ivor akatikisa kichwa. "Mimi nilikata bomba hili la juu kwa msumeno miaka kumi na tano iliyopita, ili nimtoe mtu ndani. Kovu ndilo hili, limechomelewa. Hii ni fremu ya Rolf Noske."

Sote tulijua kwamba Darcy alikuwa na kaka, na kwamba alifia ziwani kabla Clem hajaanza kwenda kule. Darcy mwenyewe alituambia kwamba mabaki ya gari lile aliyaingiza tanuruni kwa mikono yake. Alilia siku aliyotuambia. Clem ndiye aliyempa leso.

Clem hakupiga kelele. Alikwenda hadi kwenye lori, ambako Darcy alikuwa anakaza magurudumu, akasema kwa sauti ya chini, "Nieleze."

Darcy aliweka spana chini. Hakukana hata kidogo. Naamini alikuwa amechoka kungoja aulizwe.

"Anakuja kila Machi," akanong'ona. "Anasimama mlangoni pa jikoni, mchana, na mavazi yake ya kuendeshea. Ananiita Bubi, jina la utotoni, hakuna mwingine anayelijua. Anasema, 'Bubi, sijamaliza.' Miaka kumi na tano, Clem."

"Na ule unga kwenye kopo?"

Darcy akatazama chumvi.

"Ni yeye. Majivu yake."

Clem alishika ubao wa lori.

"Gari umempatia," akasema polepole. "Mimi ni wa nini?"

"Alihitaji mwili. Wangu hautaki, mimi lazima niwe nje nimsukume kwa lori. Ni dakika moja tu, Clem. Maili tano. Nilikuazima tu. Ningekurudisha."

"Ulimwazima mtu mimi."

"Ningekurudisha, naapa."

"Nimekaa na wewe miaka saba, Darcy. Ungeniomba, labda ningekubali. Hukuniomba."

Nimesikia watu wakitukanana maishani mwangu. Sijasikia neno lililouma kama lile *hukuniomba*. Clem alisema anajitoa. Alivua vazi lake la kuzuia moto, akavua viatu, akavitupa vyote nyuma ya lori. Akaja kuketi kwenye kiti cha kukunja chini ya kivuli chetu, miguu mitupu, fulana mwilini. Glenys alikuwa ameshakwenda mstari wa kuanzia na kamera, hakujua lolote. Nilimpa kaka yangu kikombe cha chai.

"Mtu aliyebeba jeneza la mama," akasema.

Nikaketi pembeni yake.

Baadaye kidogo nikasikia injini.

Naijua injini ile. Nimeisikia kupitia ukuta wa jikoni kwangu miaka mitatu. Iliguna mara mbili, kama inavyoguna lori likiisukuma kutoka nyuma, kisha ikawaka.

Redio ya waamuzi ikasema: "Anayefuata ni Clem Pascoe, wa Whyalla."

Clem akanigeukia. Uso wake ulikuwa mweupe kama ziwa.

"Nani anaendesha?"

"Sijui."

"Coralie. Nishike mkono."

Nikaushika. Sauti ikaanza kupanda. Ilipita mbele yetu, mbali, mstari mweusi juu ya weupe. Sikulitazama gari. Nilimtazama yeye. Macho yake yalikuwa yanalifuata. Midomo ilikuwa inasema kitu.

Mkono ukawa baridi.

Ukawa mwepesi.

Nikapepesa macho, chumvi inachoma. Nilipoyafumbua nilikuwa nimeshika kikombe. Chai ilikuwa bado inatoa mvuke. Kiti kilikuwa kitupu.

Redio ikasema: "Mia mbili na kumi na moja. Mwavuli umefunguka. Dereva ametoka, mzima. Hongera sana, Clem!"

Baadaye niliwahoji vijana wote wa mstari wa kuanzia, mmoja mmoja. Waliapa kwamba Clem alifika mwenyewe, amevaa vazi lake na viatu vyake, wakamfunga mikanda wao, akawaonyesha dole gumba. Ivor alijaribu kuzuia, Darcy akamwambia kwamba Clem amebadili mawazo, na Clem mwenyewe, mle ndani, aliinamisha kichwa kukubali. Glenys alimpiga picha akiwa ameketi tayari. Ninayo. Kofia ina kioo cheusi, uso hauonekani.

Nilipofika mwisho wa njia, kaka yangu alikuwa amesimama karibu na gari, amevua kofia. Uso ni wake. Kovu la kidevuni ni lake. Darcy alikuwa amemkumbatia, analia kama mtoto mchanga. Na yule aliyevaa uso wa kaka yangu alikuwa anampapasa mgongoni, anamwambia, "Basi, Bubi. Basi. Tumemaliza."

Kisha akanitazama. Kwa adabu. Kama unavyomtazama dada ya mtu.

"Clem yuko wapi?" nikamuuliza Darcy jioni ile, nimemshika ukosi. "Ulisema utamrudisha."

"Nilimwambia," akanong'ona. "Nilimwambia dakika moja. Amekataa kutoka."

"Mwambie tena!"

"Cora, ni kaka yangu."

"Na wangu?"

Akautoa mkono wangu shingoni kwake, taratibu, akaenda kuketi na wenzake. Walikuwa wanacheka. Walimpa mshindi kofia nyekundu ya waliovuka maili mia mbili.

Huko nyumbani watu wanasema Clem amebadilika baada ya ushindi, amekuwa mchangamfu. Darcy huja kila siku, hukaa naye barazani wakizungumza maneno machache ya Kijerumani cha babu zao. Kaka yangu hakujua hata kuomba maji kwa Kijerumani.

Nilimwendea Glenys mwezi wa tano. Nilitaka mtu mmoja tu wa kulia naye. Alikuwa jikoni, anatazama dirishani, na yule bwana alikuwa kwenye sinki, amekunja mikono ya shati, anaimba chinichini. Alipotoka kumwaga takataka, wifi yangu akanisogelea sikioni.

"Miaka arobaini na minne Clem hakuwahi kunioshea hata kijiko," akanong'ona. "Huyu anaosha. Ananiuliza nimelalaje. Wifi yangu, nakuomba, usiniulize kitu."

Kumbe anajua. Tangu lini, sijui. Nilichukua mkoba wangu nikatoka, na sijakanyaga tena nyumba ile.

Kuna jambo moja sijawaambia. Siku ile, kabla hatujakunja turubai, nilitazama chini ya kiti cha kukunja. Kulikuwa na nyayo kwenye chumvi. Miguu mitupu. Zilianzia pale alipokuwa ameketi, zikatoka kwenye kivuli, zikaelekea kwenye weupe mtupu upande usio na njia wala kambi. Nilizihesabu: kumi na moja. Baada ya ile ya kumi na moja, chumvi ilikuwa tambarare, haijaguswa.

Mvua za majira ya baridi hulifunika ziwa lile kwa maji. Yakikauka, chumvi huota upya, na alama zote za mwaka uliopita hufutika, hata za malori.

Machi hii nilikwenda peke yangu. Ivor alinisaidia kutafuta pale kivuli chetu kilipokuwa, kwa ramani yake ya kambi. Tulifika pale mchana. Akasimama ghafla, akavua kofia.

Nyayo zilikuwepo. Kumi na moja zikienda. Na zaidi ya hizo, tano mpya, vidole vimegeukia kwetu.

Nilipiga magoti nikaweka kiganja kwenye ile ya mwisho. Chumvi yote kandokando ilikuwa kavu kama mfupa. Ule unyayo ulikuwa umelowa, na ulikuwa na joto.