Nyuzi Tatu za Babu Nyamburi

Siku nyuzi za gitaa la mdogo wangu zilipokatika, nilikuwa nimekaa nyuma ya nyumba yake pale Iringo natoa matumbo ya ningu. Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, na redio ya jirani ilikuwa inasoma habari za pamba. Nasema hivi msije mkadhani mambo haya yalianza usiku makaburini, kama wanavyopenda kusimulia waongo. Yalianza mchana, na mimi nanuka samaki.

Mdogo wangu Mwikwabe alikuwa mpiga gitaa wa bendi ya ushirika. Gitaa lenyewe la umeme, jekundu, alipewa na mzungu mmoja wa mgodini Buhemba aliyekuwa anafunga mizigo kurudi kwao. Jina la kiwanda lilikuwa limekwanguliwa pale kichwani, kwa hiyo kila mwenye mdomo hapa Musoma alisema ni la bandia. Mpaka Masatu, mkubwa wa bendi, Mjita mwenye maneno mengi kuliko meno, alipofungua skrubu nne za mgongoni na kung'oa shingo. Mwisho wa ule mti, ndani, mahali jua halifiki, palikuwa na maandishi ya penseli: Machi 1959.

"Gitaa halitazamwi usoni," Masatu akasema. "Usoni ni rangi tu, kama wewe shemeji. Vua shingo ndiyo utajua umri."

Alikuwa ananiitaga shemeji kwa utani, ingawa alishatangaza mji mzima kwamba atanioa.

"Na wewe tukikuvua shingo tutakuta nini?"

"Jina lako," akasema, akacheka mpaka akakaa chini.

Tangu hapo Mwikwabe alilitunza gitaa lile kuliko alivyonitunza mimi niliyemlea. Sumaku moja, kati ya zile zinazokaa chini ya nyuzi, ilikuwa imekufa. Akafumua waya mwembamba kutoka kwenye dinamo ya baiskeli, akausokota upya kwa mkono siku tatu, anahesabu mizunguko kwa sauti mpaka nikatamani kumpiga mwiko. Sumaku ikafufuka.

Lakini nyuzi hazisokotwi kwa mkono. Zile tatu nyembamba zilikatika Jumanne hiyo, na madukani mwaka ule wa sabini na nne hata sindano hukupata. Akajaribu waya wa breki. Ukalia kama sufuria inayosuguliwa kwa mchanga. Na Jumamosi bendi ilikuwa inapiga Bunda, mbele ya wakubwa wa ushirika, nao walishasema wazi: asiye na chombo arudi kijijini akalime.

Jumatano tukaenda kijijini kwetu Buswahili kutoa vitu vyetu. Operesheni ya kuhamia vijijini ilikuwa imefika kwetu. Kamanda wa mgambo alikuwa Wanzagi, niliyesoma naye mpaka la nne na kumwazima penseli ambayo hakuirudisha. Tulimkuta juu ya paa la babu yetu Nyamburi, anatupa nyasi chini, wenzake wanazichoma.

"Harakisha, Robi," akaniambia. "Lori halimsubiri mtu."

Kwenye nguzo ya katikati lilikuwa linaning'inia litungu la babu, kinanda chetu cha nyuzi nane za mishipa ya ng'ombe. Babu alikuwa anawapigia vijana wanaorudi kutoka kuteka mifugo. Kila uzi aliupa mtu mmoja aliyeuawa huko walikokwenda, na kwenye wimbo alimtaja. Kwetu mpigaji wa namna hiyo akifa, mtoto wa kwanza wa nyumba analegeza nyuzi moja moja siku ya kuzika, na kila uzi anautajia mtu wake. Hapo waliouawa wanajua wimbo umekwisha. Babu alikufa mwaka wa uhuru. Baba yetu, mtoto wake wa kwanza, aliogopa, akasingizia Ukristo. Nyuzi zikabaki zimekazwa miaka kumi na tatu.

Mwikwabe akatoa koleo mfukoni.

"Usiguse," nikamwambia.

"Dada, nikirudishwa huku nitalima nini? Majivu?"

Akafungua tatu. Uzi uliokaa kwenye moshi miaka kumi na tatu unakauka kama kuni. Zile zilikuwa zimelowa. Nilimwona anafuta vidole kwenye suruali, na suruali ikabaki na michirizi myekundu.

Ijumaa asubuhi akazifunga kwenye gitaa. Masatu alikuja kuangalia, akashika kiuno.

"Umerogwa na nani? Sumaku inasikia chuma. Huo ni mshipa wa ng'ombe. Hata ukiupiga mpaka krismasi, amplifaya haitasikia kitu. Utapiga bubu."

Alisema kweli. Kila mpiga gitaa anajua hivyo. Mwikwabe akachomeka waya, akagusa uzi wa kwanza.

Uliita. Uliita mpaka ningu walioanikwa juu ya bati wakatikisika. Haikuwa sauti ya chuma wala ya litungu. Ilikuwa kama sauti ya mtu aliyepigwa ngumi ya tumbo wakati anataka kusema neno.

Masatu aliinama, akachomoa waya wa amplifaya ukutani.

Sauti haikukatika.

"Zitoe," akanong'ona. Sikuwahi kumsikia Masatu akinong'ona.

Mwikwabe hakuzitoa. Alikuwa anatabasamu, machozi yanamtoka.

Jumamosi, kule Bunda, bendi ilianza kupiga saa tisa alasiri, kwenye uwanja wa ghala la pamba. Nilikuwepo. Nyimbo mbili zilikwenda vizuri, wakubwa wakapiga makofi. Wa tatu, watu wakaanza kukanyagana. Mzee mmoja alimpiga mwanawe fimbo ya kichwa, akaendelea kucheza juu yake. Wanawake walikuwa wanang'oana nywele, na hakuna aliyepiga kelele. Vumbi tu, na gitaa.

Uzi mmoja ukakatika.

Clementi, mpiga ngoma, alikuwa amekaa hatua sita nyuma ya Mwikwabe. Koo lake lilifunguka. Mstari mmoja, mwembamba, kutoka sikio mpaka sikio. Alipiga ngoma mara mbili zaidi kabla mikono yake haijajua. Damu ilijaa kwenye ngozi ya ngoma, na kijiti kiliposhuka kiliirusha mpaka kwenye mashati ya wakubwa.

Polisi walisema uzi ulimchapa. Daktari aliyemwona alisema uzi haufiki kwenye mfupa.

Kesho yake, Jumapili, nimetoka misa ya kwanza, nikasikia gitaa tangu njiani. Nikasukuma mlango.

Mwikwabe alikuwa chini sakafuni. Gitaa liko juu ya kifua chake. Halikuwa limechomekwa popote. Nyuzi mbili zilizobaki zilikuwa zimejifungua zenyewe kule chini. Moja imezunguka vidole vyake vya kushoto, imekata nyama, niliona weupe. Kidole kidogo kilikuwa kinaning'inia kwa ngozi. Nyingine ilikuwa shingoni kwake. Zote zinakaza. Zinakaza na kuita.

"Dada," akasema, midomo tu. "Legeza. Wewe ndiye wa kwanza."

Baba alikuwa amekufa. Wa kwanza wa nyumba ile sasa nilikuwa mimi. Nikashika uzi wa vidoleni. Wa moto kama utumbo wa mbuzi aliyechinjwa sasa hivi. Nikautajia babu. Haukulegea. Nikautajia baba. Ukaingia kwenye mfupa, nikasikia mfupa. Wale waliouawa sikuwajua hata mmoja. Nani angenifundisha? Mimi ni mwanamke, litungu nilikatazwa hata kulifuta vumbi.

Ndipo nikaelewa. Clementi hakuwa mtu wa babu. Uzi ule ulikuwa umekosa mtu wake, ukachukua aliye hai wa karibu. Hizi nazo zingepokea jina la mtu hai.

Nikasema, "Wanzagi."

Ukalegea. Taratibu, kama mtu aliyeshiba.

Msiniulize kama nilifikiri. Sikufikiri, na ningefikiri ningesema hivyo hivyo. Saa hiyo hiyo kule Buswahili kamanda Wanzagi alikuwa anakula ugali na mgambo wenzake. Walisema tonge lilitokea shingoni.

Ukabaki wa shingo. Macho ya Mwikwabe yalikuwa yamegeuka meupe, ulimi uko nje. Nikavuta. Ukavuta.

"Shemeji, shika kichwa chake, mimi nakata," mtu akasema nyuma yangu.

Masatu alikuwa amesimama mlangoni na kisu cha samaki. Alikuwa amekimbia, anahema. Alikuja kutusaidia.

Nilimtazama. Naye akanitazama mdomoni, kwa sababu alikuwa na akili kuliko sisi wote.

"Robi," akasema. "Usi—"

Nikamtaja.

Alianguka kwa magoti kwanza. Alishika shingo kwa mikono miwili, damu ikapita katikati ya vidole kama maji ya bomba lililopasuka. Alinitazama mpaka mwisho. Sikugeuza uso. Angalau hicho nilimpa.

Polisi walichukua kisu, kikakutwa kikavu hakina doa. Gitaa walilichukua kama kidhibiti, nalo hatukulidai. Mwikwabe aliishi. Alilima, alioa, alizaa, alikufa mzee kitandani kwake na vidole saba, na hakuniuliza hata siku moja niliwataja nani.

Mimi sijawahi kushika gitaa tangu Jumapili ile. Lakini wiki ya mazishi, ncha ya kidole changu cha shahada, mkono wa kushoto, iliota sugu. Ikafuata ya kidole cha kati. Ngumu, zina mfereji katikati. Nazikata kwa wembe, zinarudi. Mpiga gitaa mmoja wa kanisani aliwahi kunipa mkono, akaugeuza, akasema, "Mama, kumbe wewe ni mwenzetu. Unapiga kila siku?"

Miaka yote zilikuwa mbili tu, moja kwa kila niliyemtaja. Tangu mwezi uliopita kidole cha tatu kimeanza kuota sugu, na mimi sijamtaja mtu.