Ndama wa Tano wa Kidoa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Nyanjige alikuwa na kazi tatu: kufagia uwanja, kuosha vyombo, na kumpelekea Kidoa mashudu ya pamba. Kazi mbili za kwanza alizifanya mbiombio. Ya tatu aliifanya taratibu, utadhani kengele ya shule ilikuwa inamsubiri yeye.

Kidoa alikuwa ng'ombe mweusi mwenye doa moja jeupe kwenye paji la uso. Nyanjige alimpenda kuliko ng'ombe wote wa zizi lao pale Sapiwi. Alizungumza naye, akamkuna shingo, akamsimulia hata mambo ya darasani. Kidoa alisikiliza huku akitafuna. Siku hizo alikuwa na mimba kubwa, na ilikadiriwa kwamba angezaa baada ya wiki tatu.

Asubuhi moja, jirani yao Bujiku alifika zizini.

"Mwangaluka, Masalu," alimsalimu baba yake Nyanjige.

"Mwangaluka, Bujiku. Karibu."

Nyanjige aliendelea kulisha, lakini masikio yake yote yalikuwa kwa wakubwa. Bujiku alitaka wabadilishane ng'ombe. Yeye alikuwa na ng'ombe mwekundu aliyezaa majike matatu mfululizo, lakini alihitaji madume ya kukokota plau. Kidoa alikuwa amezaa madume manne mfululizo. Masalu akiongeza mbuzi wawili, wangekuwa wamemalizana.

"Maksai wa kulimia ninao wa kutosha," Masalu alisema. "Ninachotaka ni majike, ili zizi likue. Maneno yako ni mazuri, Bujiku."

Nyanjige aliweka ndoo chini.

"Baba, tafadhali usimtoe Kidoa! Amezaa madume manne, hawezi tena kuzaa la tano. Safari hii ni zamu ya jike. Hesabu yenyewe inakataa!"

Masalu alimtazama binti yake. Yeye mwenyewe aliishia darasa la nne, na alijivunia sana kwamba Nyanjige aliongoza somo la hisabati darasa la sita. Neno "hesabu" likitoka kinywani mwa Nyanjige, lilikuwa na uzito nyumbani mwao.

"Kama hesabu imesema, tungoje," aliamua. "Akizaa jike, atabaki. Akizaa dume, Bujiku, njoo na kamba yako."

Nyanjige alikwenda shule akirukaruka. Kwake yeye, Kidoa alikuwa ameshapona.

Wiki iliyofuata, Mwalimu Mektilda aliwaambia wanafunzi waje na sarafu, kila jozi sarafu moja. "Leo tunajifunza uwezekano," alisema. "Sarafu zetu zina kichwa upande mmoja na mnyama upande wa pili. Nikiirusha, nafasi ya kupata kichwa ni ipi?"

"Nusu, mwalimu!" darasa zima lilijibu.

"Vizuri. Sasa nimeirusha mara nne, vichwa vitupu. Nikirusha mara ya tano?"

Nyanjige alinyoosha mkono kabla ya wenzake. "Lazima mnyama, mwalimu. Ni zamu yake. Hata ng'ombe wetu Kidoa yuko hivyohivyo." Akasimulia habari yote, na wenzake wakacheka kwa furaha.

Mwalimu Mektilda hakumpinga. Alitabasamu tu. "Rusheni, muone wenyewe. Kila mkipata vichwa vinne mfululizo, andikeni kinachofuata."

Darasa liligeuka kuwa soko. Sarafu zilirushwa, zikadondoka, zikabingirika chini ya madawati, na Josia alitambaa kutafuta yake hadi mlangoni. Mwishowe mwalimu alijumlisha ubaoni. Vichwa vinne mfululizo vilikuwa vimetokea mara themanini na nane. Baada ya hapo, mnyama alitokea mara arobaini na tatu. Kichwa kilitokea mara arobaini na tano.

"Mnaona?" alisema mwalimu. "Karibu nusu kwa nusu, kama kawaida. Sarafu haina kumbukumbu. Haijui imeanguka vipi jana, wala haina deni na mtu."

Wengine walishangilia. Nyanjige aliutazama tu ubao. Alikuwa amemwambia baba yake jambo lisilo kweli, na baba yake alikuwa ameliamini.

Njiani kurudi nyumbani, mawazo mawili yalimsumbua. Akinyamaza, Kidoa angebaki na nafasi ya nusu. Akisema, huenda baba angemwita Bujiku siku hiyohiyo. Kunyamaza kulikuwa rahisi, tena nani angejua? Lakini kila alipofikiria baba alivyosema "kama hesabu imesema," uso ulimwaka kwa aibu.

Alimkuta baba akiziba pengo la zizi kwa matawi ya miiba. Mama yake, Martha, alikuwa karibu akipukuchua mahindi.

"Baba, nilikosea," alisema kabla woga haujamrudia. "Hesabu haisemi kwamba Kidoa atazaa jike. Inaweza kuwa jike, inaweza kuwa dume. Ni nusu kwa nusu."

Masalu aliacha kazi. "Kwa hiyo ulinidanganya?"

"Siku ile sikujua, baba. Leo nimejua. Ningenyamaza leo, hapo ndipo ningekuwa nimekudanganya."

Masalu alijifuta jasho. Alikuwa mtu mpole, lakini kwenye ng'ombe hakuwa na mzaha. "Basi sina haja ya kungoja. Kesho nitamwita Bujiku."

Machozi yalimtoka Nyanjige. Hata hivyo alikumbuka ule ubao, akajikaza.

"Mwite, baba. Lakini ng'ombe wake naye ni nusu kwa nusu. Yale majike matatu hayamwamulii ndama wa nne. Utatoa mbuzi wawili, kisha upate nafasi ileile uliyo nayo hapa zizini."

"Hayo ni mambo ya sarafu, mwanangu. Sarafu ni chuma. Ng'ombe ni ng'ombe."

"Basi tuwahesabu ng'ombe," alisema Nyanjige.

Aliomba punje za mahindi kwa mama yake, akatandaza kanga chini. Punje za kulia zilikuwa za madume, za kushoto majike. Na hapo Masalu alionyesha yeye ni nani. Huyu mtu aliyeishia darasa la nne alikumbuka kila ndama aliyezaliwa katika zizi lile tangu enzi za baba yake: rangi yake, mama yake, hata msimu aliozaliwa. Alitaja, na Nyanjige akaweka punje. Alimtazama baba yake kwa mshangao na mapenzi mengi; hakuwa na daftari, lakini alikuwa na hesabu nzima kichwani.

"Pembemoja alizaa madume sita, mpaka akazeeka," alisema Masalu. "Mawingu, majike matano. Halafu yule mwekundu, mama yake Kidoa, madume matano mfululizo, kisha..."

"Kisha nini, baba?"

"Kisha Kidoa."

"Ungembadilisha baada ya yale matano," alisema Nyanjige kwa sauti ndogo, "Kidoa angezaliwa zizini kwa mtu mwingine."

Wakahesabu punje. Madume ishirini na nane, majike ishirini na sita. Masalu alizihesabu tena mwenyewe, mara mbili.

Martha akaangua kicheko. "Baba Violeth, mimi nilikuzalia wasichana wanne mfululizo, kuanzia Violeth hadi huyu Nyanjige. Mbona mimi hukunibadilisha kwa Bujiku?"

"Bujiku angedai mbuzi wangapi?" Masalu alitania, naye akacheka hadi akaegemea miiba na kuruka. Kisha akaokota kamba iliyokuwa mlangoni pa zizi, akaipeleka ndani. "Kidoa habadilishwi. Azae atakachozaa."

Kidoa alizaa alfajiri ya siku ya mtihani mdogo wa hisabati. Nyanjige alifika zizini akamkuta baba yake amepiga magoti, akimfuta ndama kwa majani makavu. Ndama alikuwa mweusi, mwenye doa jeupe. Alikuwa dume.

Nyanjige alimtazama baba yake kwa wasiwasi. Masalu alikuwa anatabasamu.

"Huyu tutamwita Nusu," alisema. Kisha akamshika binti yake begani. "Sikiliza, Nyanjige. Ng'ombe kuzaa dume au jike ni bahati, na hakuna wa kulaumiwa. Lakini ukweli hausemwi kwa bahati. Wewe uliuchagua, hali ulijua unaweza kumpoteza Kidoa. Ndiyo maana nitaendelea kuziamini hesabu zako."

"Wabeja, baba," Nyanjige alimshukuru kwa kunong'ona, na safari hii machozi yalikuwa ya furaha.

Alikaa pale mpaka Nusu aliposimama na kunyonya. Alipofika shuleni, akikimbia na majani makavu yamenasa kwenye sketi, wenzake walikuwa wameshaanza mtihani.

"Umechelewa," alisema Mwalimu Mektilda. "Kuna nini?"

Nyanjige alihema, akacheka.

"Kichwa, mwalimu. Kwa mara ya tano!"